Nekoye na Baiskeli Iliyochinjwa

Sipendi mtu anayeita baiskeli "chuma". Chuma ni jembe, chuma ni sufuria iliyotoboka. Baiskeli ina mwendo wake, ina sauti yake na madeko yake, na ukiizoea utaijua hata ikipita nyuma ya ukuta. Nilisema hivyo miaka yote niliyokaa kwenye kibanda changu cha mabati hapa Eldoret, ubavuni mwa duka la nguo la Mhindi, na walionicheka wote waliishia kurudi kwangu wakiburuta pancha zao.

Kati ya baiskeli zote zilizopita mikononi mwangu, moja niliipenda kupita kiasi: ya Kituyi. Jina langu ni Phineas Murunga, na mke wangu Tryphosa atakuambia kwamba siku ya harusi yetu nimeisahau, lakini namba iliyopigwa chini ya tandiko la baiskeli ile naijua mpaka leo. Ni kweli, na sioni haya. Ila habari ninayotaka kukusimulia ni ya Nekoye, mke wa Kituyi, mwanamke aliyefua na kupiga pasi nguo za wazungu wa mji huu, na ambaye ukikutana naye njiani na karai lake kichwani usingedhani anaweza kumshinda mtu yeyote kitu chochote.

Kituyi alikuwa tarishi. Alibeba barua za ofisi ya wakili mmoja kutoka upande huu wa mto Sosiani mpaka upande ule, na baadaye mpaka kwenye mashamba ya walowezi. Baiskeli aliinunua ule mwaka wa nzige. Ilikuwa ya Kiingereza, ndefu, nyeusi, ya kukaa wima bila kuinamia mtu. Breki zake zilivutwa kwa vyuma vyembamba, si kwa waya kama hizi zilizokuja baadaye. Mnyororo ulifunikwa na boksi lake la bati ili matope yetu meusi yasiuguse. Tandiko lilikuwa la ngozi juu ya springi, na ubavuni mwa fremu ilipita mistari miwili myembamba ya rangi ya dhahabu. Kila Jumamosi aliileta kwangu, tukaipa mafuta na kukaza kilicholegea. Wala hakukubali nimwekee kitu cha baiskeli nyingine.

"Murunga," aliniambia, "hii kitu ilikuja na ndugu zake. Usiiletee mashemeji."

Halafu kengele. Ilikuwa ya shaba, na ilibonyea upande mmoja siku Kituyi alipoanguka darajani. Tangu siku hiyo haikulia kama kengele nyingine. Ilikohoa. Jioni Kituyi akifika kona ya bomba la maji pale lokesheni, mtaa wetu Waafrika, aliipiga, na Nekoye akiisikia huinjika maji ya ugali. Kituyi akimaliza kufuta matope, na alifuta ya baiskeli kwanza ndipo ya miguu yake, ugali uko tayari. Majirani nao walizoea kuinjika kwa kengele ile ile, hata wasio na saa wala mume.

Kisha msimu mmoja wa mvua, miaka michache baada ya vita vya Hitla, Kituyi alishikwa na kichomi, na hakumaliza juma. Tulimpeleka kwao Kimilili kwa lori, jeneza upande mmoja na baiskeli upande wa pili. Nililia njia nzima, na sijui nilikuwa nikitazama upande gani zaidi.

Sasa sikia walichofanya. Kwao, kama kwetu, matanga yakifika mwisho wazee hukaa chini wakagawa vitu vya marehemu: koti kwa huyu, kigoda kwa yule. Hakuna ubaya. Lakini baiskeli kila mtu aliitaka. Wangila, mdogo wake Kituyi, alisema ni yake kwa kuwa walinyonya ziwa moja. Shangazi Nanzala, aliyekuwa akiishi Kesses, alisema ni yeye aliyembeba marehemu mgongoni. Mzee Wanyama wa Soy, mjomba wao, alisema bila mjomba hakuna mtoto. Binamu mmoja, mfanyakazi wa Kaburu kule Ainabkoi, hakusema neno. Alikuwa ameshika tu gurudumu la nyuma na hakuliachia. Walibishana mpaka mtungi wa pombe ya busaa ukakauka. Ndipo Mzee Wanyama, aliyeheshimiwa kwa kujua mila, akainua fimbo.

"Ng'ombe akichinjwa mnapigana?" akauliza. "Si kila mtu iko na nyama yake? Mjomba yake, shangazi yake, ndugu yake. Hii nayo tugawe namna hiyo."

Wakaichinja. Tena walitumia spana zangu, maana mimi siendi popote bila spana, hata matangani. Waliziazima nikadhani wanataka kukaza miguu ya meza. Nilipotoka nyuma ya nyumba nikakuta baiskeli imelala kwenye majani ya mgomba, imechunwa. Mjomba alikuwa na tandiko. Shangazi alikuwa na gurudumu la mbele. Binamu alikuwa na gurudumu la nyuma, mnyororo na boksi lake. Wangila alibaki na kiwiliwili: fremu, usukani, breki, pedali na keria. Kengele haikuonekana. Walitazamana kwa jicho baya, wakapekuana mifuko, mpaka Mzee Wanyama akasema labda marehemu ameondoka nayo. Hapo wote wakashusha sauti.

Nekoye hakupewa kitu. Mjane hagawiwi, walisema. Mjane naye ni kitu cha kugawa.

Na siku ya kumgawa ikafika. Mahindi yalipovunwa, wazee walikuja Eldoret Jumapili mchana wakiwa na Wangila mbele. Wangila hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mvivu, na uvivu wake ulivaa kofia nzuri, kofia pana ya kijivu aliyoachiwa na mzungu mmoja aliyerudi kwao. Kofia ile aliipiga brashi kila asubuhi, na baada ya hapo alipumzika. Alikuja kumrithi mke wa kaka yake. Maana yake ni kwamba angeingia katika chumba cha Nekoye, alale kitanda cha Kituyi na kula jasho la pasi, na mji ukimchosha, Nekoye na watoto wake, Rosebella na wadogo zake, wafunge mizigo warudi Kimilili kumlimia. Kanisa letu lilikataza jambo hilo, lakini mchungaji siku hiyo alikumbuka kwamba ana mgonjwa wa kutembelea, mbali.

Nilikuwapo kama jirani. Nekoye aliwaandalia chai, akahakikisha kila mzee ana sukari yake, kisha akaketi mkekani.

"Wazee wangu, mimi sikatai mila," alisema. "Nyinyi wenyewe mlisema baiskeli ni ng'ombe. Sasa angalieni: ng'ombe yake iko vipande, na nyumba yake pia iko vipande. Mtu atakamilisha hiyo baiskeli na vitu zake zenyewe, hakuna ya kuazima, huyo ndiye mwenye hii nyumba. Mimi nitamkubali na sitasema kitu tena."

"Na nani atajua ni vitu zake?" akauliza Mzee Wanyama.

"Fundi Murunga. Yeye si wa ukoo wetu, hana mtu wa kupendelea. Baiskeli peke yake ndiyo anapenda."

Wazee wakacheka. Waliona ni maringo ya mwanamke anayetaka kubembelezwa kidogo, na wakaona si vibaya abembelezwe. Mzee Wanyama akagonga fimbo sakafuni, akasema imekuwa. Wangila akaweka kofia yake sawa.

"Hiyo ni kazi ya wiki moja," akasema.

Kesho yake alinijia kibandani na fremu begani, akitabasamu. Nusura nizimie. Alikuwa ameipaka rangi ya kijani kibichi aliyopewa na dereva wa trekta, na aliipaka juu ya kutu, juu ya matope, juu ya ile mistari ya dhahabu.

"Nimeirembesha," alisema.

"Umeivisha gunia! Kituyi alipanda panzi?" Nilimtupia msasa kifuani. "Kaa hapo. Kwangua."

Alikwangua, akilalamika, mpaka weusi wa zamani ukaanza kuchungulia. Nilimpa sheria zangu pale pale. Tairi na tyubu ni kama viatu. Hata Kituyi alibadilisha, kwa hiyo mpya zitakubalika. Mipira ya breki na goroli vivyo hivyo, kwa sababu kazi yake ni kulika. Vingine vyote lazima viwe vile vile vilivyotoka nayo dukani. Ukiniletea cha ndugu yake nitakijua, na nitakutupia.

Wangila akaanzia Soy. Mzee Wanyama alikuwa amelipigilia tandiko juu ya kigogo, na ndicho kiti alichokalia penye mtungi. Alisema tangu alipate mgongo haujamsumbua. Ni kweli yeye ndiye aliyegonga fimbo ile, lakini fimbo ni fimbo na mgongo ni mgongo. Alimwambia Wangila amchongee kigoda kingine kwanza, kizuri kuliko tandiko. Mtu ambaye hajawahi kushika hata mpini! Cha kwanza kilimwangusha mzee mbele ya wageni. Cha pili kilikuwa na mguu mmoja uliotaka kwenda peke yake. Wangila alirudi kwangu vidole vimefungwa vitambaa, tandiko kwapani, na ngozi yake imekauka mpaka imekunja midomo. Niliyeyusha mafuta ya kondoo, tukaipaka kidogo kidogo juani, siku baada ya siku, mpaka ngozi ikalegea na kukumbuka umbo lake. Makalio ya Kituyi yalikuwa yameacha alama yake pale. Nilimwonyesha Wangila, naye akapitisha kiganja juu yake taratibu.

Kesses ilikuwa kazi nyingine. Shangazi Nanzala alikuwa amelining'iniza gurudumu la mbele juu ya meko, amefunga mahindi ya mbegu na vipande vya nyama kwenye spoku zake zote. Tairi alishalikata ndala za akala, na kwa kweli zilikuwa ndala nzuri. Alimwambia mpwa wake kwamba rimu ataitoa siku shamba lake la wimbi litakapokuwa limepaliliwa. Wangila akapalilia. Nilipoletewa ile rimu ilikuwa nyeusi tititi, inanuka moshi, na nikataka kulia. Nikaifuta kwa jivu na mafuta ya taa, na chini ya masizi ikatoka inang'aa, bila doa la kutu. Moshi na mafuta ya nyama viliihifadhi kuliko nilivyoweza mimi! Nilicheza pale kibandani, sikujali nani ananiona. Kisha nikamfundisha Wangila kupiga spoku kwa kucha na kusikiliza, akaze ile inayolia chini, alegeze ile inayopiga kelele, mpaka gurudumu lizunguke bila kuyumba.

Baiskeli iliyokaa vipande ina skrubu zilizoganda. Hizo dawa yake ni maziwa lala, yale machachu. Unazitumbukiza jioni, asubuhi kutu imelainika. Tryphosa alijimiminia kibuyu chake asubuhi moja akakuta pini ya pedali kwenye kikombe, na siku hiyo nilikula kwa jirani.

Kitu kigumu zaidi kilikuwa Ainabkoi. Yule binamu alikwishauza mgawo wake kwa Kipngetich, mfugaji wa huko, kwa mbuzi dume. Kipngetich alifungia lango la zizi kwa mnyororo, na katika boksi la mnyororo, lililolala juu ya mawe, alilishia chumvi ndama zake. Gurudumu la nyuma lilikuwa juu ya paa, linazuia nyasi zisipeperushwe na upepo. Wangila alipomweleza habari yote, Kipngetich alicheka mpaka akashika nguzo.

"Ngoja, ngoja," alisema. "Nyinyi mligawa baiskeli kama nyama? Sisi pia tunagawa ng'ombe. Lakini hakuna mtu hapa anapanda ng'ombe kwenda kazi!"

Akamweka wiki kadhaa akijenga lango jipya. Na mwisho wa yote, wakati Wangila anafunga mzigo wake, Kipngetich aliitazama ile kofia.

"Na hiyo," akasema.

Wangila aliniambia alikaa juu ya jiwe kwa muda mrefu. Kisha akaivua. Alishuka kutoka Ainabkoi kichwa wazi, gurudumu begani, boksi na mnyororo wake mgongoni, na baridi ya kule inakata masikio. Nilipomwona akiingia kibandani sikumtambua. Tumbo lilikuwa limekwisha. Mikono ilikuwa na sugu. Kabla ya kunisalimu aliuliza, "Fundi, uko na grisi?"

Nikaanza kumpenda, na hapo ndipo usingizi uliponitoka.

Kwa sababu nilikuwa naona inakuja. Kila nati niliyokaza ilimsogeza Wangila hatua moja kwenye chumba cha Nekoye. Tryphosa aliona kabla yangu.

"Unamwoza Nekoye kwa spana," aliniambia. "Wewe mwanaume gani? Poteza hata pini moja! Iangushe chooni, nani atajua?"

"Baiskeli itajua."

"Baiskeli itajua! Na Nekoye je?"

Nilijaribu, Mungu anajua. Nilichukua kota pini ya pedali ya kushoto, nikasimama nayo mlangoni mwa choo. Mkono haukufunguka. Kuna watu hawawezi kuiba sadaka na kuna watu hawawezi kupoteza kota pini ya Kiingereza inayokaa kwenye tundu lake bila kupigwa nyundo. Nilirudi nikaitia mahali pake huku nikijitukana.

Nekoye alikuwa akipita na karai lake la nguo, anasimama kidogo. Siku niliyokuwa nachora upya mistari ya dhahabu kwa unyoya wa kuku, pumzi nimeibana mkono usitetemeke, alisimama muda mrefu. Alishika usukani pale ambapo rangi ilikuwa imelika kwa kiganja cha mumewe.

"Inamfanana," alisema. Macho yake yalikuwa yamejaa. "Fundi, siku ya siku utasema ukweli?"

"Mama Rosebella, mimi nikidanganya juu ya baiskeli, mikono hii ikauke."

"Kabisa? Hata kitu kidogo ikikosa?"

"Hata kitu kidogo."

"Basi sawa," alisema, akainua karai, akaenda zake. Wala hakuonekana kama mtu anayekwenda kuolewa. Alionekana kama mtu aliyekumbuka ameacha pasi motoni lakini anajua haitaunguza. Mimi nilibaki na unyoya wangu nikifikiri wanawake hawaeleweki.

Kilichobaki ni kengele. Nilimwambia Wangila wazi kwamba bila hiyo haijakamilika. Aliizunguka familia yote tena, Soy, Kesses, mpaka Kimilili, akapekua hata chini ya vitanda. Hakuna aliyeiona. Siku chache baadaye nilisikia nyundo nyuma ya kibanda changu. Nilidhani watu wanavunja kuni.

Siku ya siku ilikuwa Jumapili, baada ya ibada. Wazee walikaa kwenye benchi nje ya chumba cha Nekoye. Shangazi Nanzala alikuja na ndala zake za akala. Kipngetich naye alikuja kutoka Ainabkoi, hakualikwa na mtu, na kofia ya kijivu kichwani, alisema asingekosa. Nusu ya lokesheni ilisimama pembeni. Wangila akaisukuma baiskeli kutoka kwangu, nyeusi, mistari inameta, magurudumu yanazunguka bila sauti isipokuwa ule mlio mdogo wa nyuma, tik tik tik, kama saa ya mfukoni. Watu waliomjua Kituyi walifunika midomo.

Niliikagua kwa sauti, kitu kwa kitu. Fremu, yenyewe, na namba nikaisoma bila kuitazama. Tandiko, lenyewe. Magurudumu, yenyewe. Mnyororo, wenyewe, ingawa ndama walililamba bure boksi lake. Breki, pedali, keria, vyenyewe. Kila nilipotamka, Mzee Wanyama aligonga fimbo na Tryphosa alinikata jicho. Nikafika kwenye usukani.

Palikuwa na kengele. Ya shaba, imebonyea. Wangila alikuwa anatazama mawingu.

Nikaipiga. Nikaipiga tena, nimeinamisha sikio.

"Hii si yake," nikasema. "Ya Kituyi ilibonyea kushoto, hii imebonyea kulia. Na ya Kituyi ilikohoa. Hii inapiga chafya."

Watu waliangua kicheko. Wangila akashika kichwa pale kofia ilipokuwa ikikaa.

"Lakini wazee," akasema, "hiyo nyingine haiko! Nimetafuta mpaka nimechoka. Nimelima, nimechonga, nimejenga lango!"

"Ni kweli, ameteseka," Mzee Wanyama akasema. "Na kengele ni nini? Ng'ombe akikosa mkia si bado ni ng'ombe? Mimi naona imekamilika."

Benchi zima likatikisa kichwa kukubali. Nikapaza sauti. "Mzee, mlinipa kazi ya kusema, nami nimesema. Hiyo baiskeli haijakamilika!"

"Fundi amesema kweli," ilisema sauti ya Nekoye. "Haijakamilika. Ngojeni."

Akaingia chumbani. Tulisikia sanduku la bati likifunguliwa. Akatoka ameshika fulana kuukuu ya Kituyi iliyokunjwa, na mbele ya watu wote akaikunjua. Ndani kulikuwa na kengele.

"Fundi, niazime bisibisi."

Nilimpa. Akaifungua ile ya Wangila, akamrudishia kwa adabu kwa mikono miwili, kisha akaifunga yake mahali pake na kuikaza mwenyewe, vizuri, bila kuzidisha. Akaipiga. Ikakohoa. Nyuma yangu mwanamke mmoja akaanza kulia, na nilipogeuka ni Tryphosa.

"Usiku wa kuamkia siku ile wazee wanabishana, mimi nilifungua hii na kijiko," Nekoye alisema. Sasa naye machozi yalikuwa yakimtiririka, na hakuyafuta. "Sikutaka mtu mwingine aipige, nisikie, niinjike maji bure. Hiyo tu. Sikuwa na akili nyingine siku hiyo. Akili nyingine ilikuja baadaye, vile mlikuja kunywa chai yangu." Akanigeukia. "Fundi. Imekamilika?"

"Imekamilika," nikasema.

"Nani ameikamilisha?"

Nilimtazama Wangila, nikalitazama benchi. Katika maisha yangu sijawahi kutoa jibu lililonipendeza hivyo.

"Nekoye."

"Na mwenye kuikamilisha ndiye nani, Mzee?"

Mzee Wanyama aliitazama fimbo yake. Alikuwa ameligonga neno lile kwa fimbo yake mwenyewe, mbele ya mashahidi, na mzee wa mila hawezi kulimeza neno lake kama mate. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka kigoda... samahani, mpaka benchi likainuka upande mmoja.

"Ndiye mwenye nyumba," alisema, akagonga. "Imekuwa. Huyu mtoto ametuchinja, na ametugawa wote!"

Kipngetich alicheka zaidi ya wote, na hiyo kofia haikumtoka kichwani.

Wangila alibaki amesimama na kengele yake mkononi. "Shemeji," akasema polepole, "kwa hivyo mimi nilikuwa natumwa."

"Pole, shemeji," Nekoye alimwambia, na kwa kweli alimaanisha. "Lakini kuna kuku ndani. Wewe ndiye utakula paja, umeifanyia kazi. Na Jumamosi uje uipake mafuta. Hakuna mtu anajua hiyo mnyororo kama wewe."

Alikuja. Alikuja kila Jumamosi, mpaka siku moja akafungua kibanda chake mwenyewe mkabala na changu, mshenzi yule, anatengeneza baiskeli za watu wanaopitia mlango wangu. Na anatia vipande vya kuazima! Tumegombana juu ya jambo hilo mara nyingi, na tutaendelea.

Nekoye alijifunza kupanda nyuma ya lokesheni, akianguka kwenye majani, Rosebella binti yake akishikilia keria. Watu walisema mwanamke juu ya baiskeli ni aibu. Walisema hivyo mpaka nguo zao zilipoanza kufika mapema. Siku ya kwanza alipopeleka nguo mjini peke yake, nilisimama nje kumngoja arudi, nikisema nangoja mteja. Jua lilikuwa linashuka alipotokea upande wa daraja, amekaa wima, karai tupu limefungwa kwenye keria, gauni limekunjwa na pini lisiingie kwenye spoku. Alinipita bila kunitazama, maana alikuwa bado hawezi kugeuza shingo akiendesha.

Alipofika kona ya bomba akaipiga kengele. Ikakohoa. Nikaona moshi ukianza kupanda pale kwao. Rosebella alikuwa ameinjika maji.